Tunamlilia mjusi, mababu wako ghalani

Kila asubuhi makonda wa Dar es Salaam huita "Makumbusho! Makumbusho!" na watu hupanda bila kufikiria makumbusho hata kidogo. Wanakwenda stendi, wakaunganishe gari la Tegeta au la Mbagala, wawahi kazini. Stendi imelichukua jina hilo kwa jirani yake, Kijiji cha Makumbusho, ambacho tangu miaka ya 1960 kipo kando ya Barabara ya Bagamoyo na nyumba zake za jadi za makabila mbalimbali ya nchi hii, kila moja kwa miti, udongo na nyasi za namna yake. Wengi wanaopita hapo mara mbili kwa siku hawajawahi kuingia ndani. Siwalaumu. Nalitaja jambo hili kwa sababu mjadala mkubwa wa makumbusho tulio nao sasa umepatwa na hali hiyo hiyo: jina liko midomoni, chenyewe hatukitazami.

Mjadala ninaousema ni wa kurudishwa kwa vitu vilivyochukuliwa huku kwetu wakati wa utawala wa Wajerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda wazee wetu. Mwishoni mwa 2024 yakafunguliwa Berlin, katika jengo la Humboldt Forum, maonyesho ya historia ya Tanzania yaliyoandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa letu. Tangu hapo, kila habari ya Ujerumani na sisi inapotoka, vijiweni, redioni na mitandaoni jibu huwa moja: waturudishie mjusi wetu, yule dinosaria aliyechimbwa Lindi akapelekwa Berlin. Hoja yangu ni kwamba tumeanzia mwisho. Tumetia katika kapu moja vitu ambavyo havifanani, yaani mifupa ya wanyama wa kale, vyombo na zana za watu, na vichwa vya watu wenyewe. Kisha katika kapu hilo tumechagua kukipigania kwa sauti kubwa kile kisicho na jina wala ukoo. Mafuvu ya mababu ndiyo yalipaswa kutangulia, na yakitangulia yatatulazimisha kufikiri upya makumbusho ni kitu gani.

Historia ya taasisi hii inaonyesha mkanganyiko ulikoanzia. Wayunani wa kale waliita mouseion nyumba ya miungu wa elimu na sanaa, na iliyopata sifa kuliko zote ilikuwa Alexandria, hapa hapa Afrika, ambako wanazuoni walikaa wakasoma kwa gharama ya mfalme. Ulaya ililichukua jina ikalipa kazi nyingine. Makabati ya vitu vya ajabu vya matajiri yakafunguliwa kwa umma: Oxford mwaka 1683, London kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1753, na mwaka 1793 wanamapinduzi wa Paris wakaifungua Louvre ili mali ya mfalme iwe ya raia. Katika hizo, Louvre ndiyo ninayoiheshimu zaidi, kwa kuwa ilibeba wazo kwamba kilichokusanywa kwa jasho la wote ni haki ya wote. Lakini karne moja baadaye, Ulaya ilipokwisha kuigawana Afrika, makumbusho hayo yalikuwa na njaa isiyoshiba. Berlin, Felix von Luschan, msimamizi wa mikusanyo ya Afrika, aliandika mwongozo mzima wa kuwafundisha maofisa na wasafiri nini cha kukusanya makoloni na namna ya kukiandika. Ngao, ngoma, vinyago na mikuki vikapakiwa melini. Vichwa pia.

Kiswahili kilipotafuta jina la taasisi hii hakikukopa. Kilichukua kumbuka, kikakigeuza kuwa kumbusha, kikapata makumbusho. Neno hilo lina watu wawili ndani yake, anayekumbusha na anayekumbushwa, na kitu kilicho katikati yao ni kisingizio chao cha kuzungumza. Waliotutawala hawakulisahau hilo. Jengo la kwanza la makumbusho yetu hapa mjini, lile la Mtaa wa Shaaban Robert karibu na bustani ya mimea, lilifunguliwa kwa umma mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Nyumba ya kukumbusha ilijengwa katika mji wetu ili tumkumbuke mfalme aliyezikwa Windsor. Uhuru ulipopatikana, mwaka 1963 likaongezwa jengo jipya, na leo mahali hapo panaitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Anwani yake ina jina la mshairi aliyezaliwa mwaka 1909, na mwaka huo huo ndipo uchimbaji wa mjusi ulipoanza kule Lindi.

Mjusi huyo anastahili kutendewa haki kabla ya kuwekwa kando. Mifupa ilionekana Tendaguru mwaka 1906, na kati ya 1909 na 1913 wataalamu kutoka Berlin waliichimba kwa mikono ya wenyeji. Zaidi ya tani 200 zilifungwa na kubebwa na wapagazi kwa siku kadhaa za mguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wa huku kwetu, na bila jicho lake na la wenzake wale maprofesa wangerudi kwao na mawe. Leo mnyama mmoja amesimamishwa Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13, na baadhi ya mizigo iliyofungwa kwa mianzi ilikaa miaka 100 bila kufunguliwa. Sasa zingatia tarehe. Vita vya Majimaji vilipiganwa kati ya 1905 na 1907, na jeshi la Wajerumani lilivimaliza kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Njaa ndiyo iliyoua wengi. Makadirio ya vifo hufika 300,000. Miaka miwili baadaye, katika nchi hiyo hiyo ya kusini, mamia ya watu wanaajiriwa kuchimba mifupa. Mtu asiniambie kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kibarua kama kibarua kingine. Wale watu walikuwa wametoka kuzika.

Kwa hiyo anayesema mjusi alichukuliwa kwa dhuluma hajakosea. Anapokosea ni pale anapodhani dhuluma hiyo itafutika kwa kumhamisha. Mifupa ile ina umri wa miaka kama milioni 150. Wakati ule hapakuwa na Tanzania wala Ujerumani, na hakuna ukoo hapa nchini unaoulizia kaburi lake. Mwaka 2018 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Augustine Mahiga, alisema Serikali haitadai arudishwe na kwamba inataka ushirikiano wa kitaalamu. Wengi walikasirika. Mimi naukubali nusu ya msimamo ule. Nisichoukubali ni upole wake. Ushirikiano ulipaswa kuwa na bei iliyotajwa: vijana wetu kusomeshwa elimu ya mifupa ya kale hadi ngazi ya juu, mizigo ambayo haijachunguzwa kuchunguzwa nao, nakala kamili ya mnyama kusimamishwa Lindi, na majina ya akina Boheti kuandikwa mahali ambapo kila mgeni wa Berlin atayasoma. Ile ndoto kwamba mjusi akija ataleta watalii wa kulipa madeni yetu haina miguu. Makumbusho makubwa duniani huishi kwa ruzuku ya serikali na michango, hata yale yenye foleni mlangoni.

Sasa mafuvu. Mwezi Septemba 2023, wiki chache kabla ya safari ya Steinmeier, taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali mjini Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mengi yalitoka Rwanda. Kutoka Tanzania ya leo yalikuwa 202. Kwa vipimo vya vinasaba, mafuvu matatu yalipata ndugu walio hai hapa nchini, na moja kati yake lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi. Mangi Meli mwenyewe alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake bado unatafuta kichwa chake. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906, nao unatafuta. Mafuvu hayo yalikusanywa makaburini, kwenye miti ya kunyongea na kwenye medani za vita, ili yapimwe urefu na upana na kutumiwa katika elimu potofu ya kuwapanga wanadamu kwa madaraja. Elimu yenyewe imekufa zamani. Watu waliotumiwa kuithibitisha bado hawajazikwa.

Tangazo hilo lilipita hapa Dar es Salaam kama upepo. Halikuwa gumzo la daladala wala mada ya wiki. Hilo ndilo linalonishangaza kuliko yote, kwa sababu kama kuna jambo mji huu unalijua vizuri ni kumrudisha mtu kwao. Jirani akifariki Mwananyamala au Temeke, kabla ya jua kuzama turubai limefungwa mtaani, viti vimepangwa, daftari la rambirambi limefunguliwa. Katika siku mbili, watu wenye kipato cha kubahatisha wanachanga fedha za jeneza, gari la kusafirisha mwili na Costa la wasindikizaji hadi Rombo, Mbinga au Muleba. Watu hukopa kwa ajili hiyo. Hakuna anayeuliza kama kule kijijini kuna jengo la kisasa la kumpokea marehemu. Hakuna anayesema abaki huku kwa kuwa huku kuna umeme wa uhakika. Tunajua, bila kufundishwa darasani, kwamba maiti ina haki ya ardhi ya kwao. Basi ni kwa mantiki gani haki hiyo inasubiri kamati inapokuwa ya watu 202 waliokwisha kukaa ghalani zaidi ya miaka 100?

Wapo watakaonijibu kwa mfano wa Mkwawa, na ni mfano wa kuuzingatia. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi mwezi Julai 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliagiza Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita. Miezi ikawa miaka 35. Hatimaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilichagua fuvu moja katika makumbusho ya Bremen, kwa vipimo vilivyolinganishwa na vya ukoo, na mwaka 1954 akalikabidhi kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, huko Kalenga. Wanahistoria wengine wamehoji kama kweli lilikuwa lenyewe, na wengine wamekumbusha kwamba Gavana alikuwa na haja ya utii wa Wahehe wakati Kenya jirani ikiwaka moto wa Mau Mau. Fuvu hilo halikuzikwa. Lipo Kalenga, kwenye makumbusho, watu wanakwenda kulitazama. Je, hiyo si hoja kwamba mafuvu yana mahali pake makumbushoni? Naona ni hoja ya kitu kingine. Kule lilirudi kwa ukoo, na mahali palipochaguliwa ni kwao, mikononi mwa watu wanaoweza kuhadithia ni nani huyo na alikufaje. Walioamua walikuwa na haki ya kuamua. Somo la pili la mkataba ule ni la kisiasa: karatasi iliyosainiwa bila mtu wa kuifuatilia inaweza kulala miaka 35.

Kati ya hoja zote zinazotolewa dhidi ya kurudishwa kwa chochote, dhaifu kuliko zote ni ile ya uwezo, na kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa zaidi, mara nyingi na sisi wenyewe: hatuna vyumba vya baridi, hatuna walinzi, vitaibiwa, vitaoza. Mwezi Agosti 2023 British Museum ilikiri kwamba vitu vinavyokadiriwa 2,000 katika mikusanyo yake vilikuwa vimepotea, kuibwa au kuharibiwa. Tarehe 19 Oktoba 2025, mchana kweupe, wezi waliingia Louvre kupitia dirishani na kuondoka na vito vya kifalme kwa dakika chache. Misri ilipoteza dinosaria wake wa pekee wa aina yake katika makumbusho ya Munich, jengo lilipopigwa mabomu mwaka 1944. Kama angebaki jangwani kwao angekuwepo hadi leo. Kwa upande wetu, lipo fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75. Lilichunguzwa nje, likakabidhiwa kwetu mwaka 1965, na kwa miongo sita Makumbusho ya Taifa imelitunza hapa Dar es Salaam, katika joto na unyevu tunaoujua, bila kupotea wala kuvunjika. Anayesema Mtanzania hawezi kutunza masalia aeleze kwanza hilo.

Lakini siandiki ili tujipongeze. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883 lililokuwa makumbusho ya historia ya Waswahili, liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa. Nyufa zake zilikuwa zikionekana kwa miaka mingi. Hapa Bara, mwaka 1984 kinyago cha Wamakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, na mwaka uliofuata kikanunuliwa Paris na makumbusho ya watu binafsi ya Geneva, Barbier-Mueller. Kiligundulika 1990. Kikarudi Mei 2010. Kisa hicho kinachoma pande zote mbili, maana mwizi alipitia kwetu na mnunuzi alikuwa makumbusho ya Ulaya yenye heshima zake. Ila kina faida moja kwa mjadala wa leo: tuliweza kukidai kwa sababu kilikuwa kimeandikwa kwamba ni chetu. Kitu ambacho hakikuandikwa hakidaiwi, hata kama kila mtu kijijini anakijua.

Ipo pia hoja ya wasomi wachache, ya heshima zaidi, kwamba vitu vyetu vilivyo Ulaya ni mabalozi wetu. Mgeni wa Berlin anamwona mjusi au kinyago anaijua Tanzania. Nimeifikiria sana, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Ulimwengu ambao kila kitu kimefungiwa kilikozaliwa ungekuwa maskini. Ila balozi hutumwa. Hupewa barua na wanaomtuma, hupewa maneno ya kusema, na wakimhitaji nyumbani huitwa. Kitu kilichochukuliwa baada ya kijiji kuchomwa, kikaandikiwa maelezo na aliyekichukua, kwa lugha ambayo waliokitengeneza hawaisomi, hakina barua hiyo. Tuwape barua hizo basi. Tuchague wenyewe kinyago gani kibaki kule kwa mkopo na kwa maelezo yetu, na kipi kirudi. Mafuvu hayamo katika uchaguzi huo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye vyombo na zana, ambavyo kwa Tanzania peke yake vinakadiriwa kuwa kama 10,000 katika makumbusho ya mila na tamaduni ya Berlin. Miaka michache iliyopita nilikwenda kutembelea makumbusho moja ndogo ya mkoani nikiwa na shangazi yangu, mama wa pwani aliyepita miaka sabini. Ndani ya kabati la vioo palikuwa na kitu cha kusukwa, na lebo yake ilisema "mfuko mdogo wa ukindu". Shangazi alisimama. "Huo si mfuko, mwanangu. Hicho kifumbu." Akaeleza namna kinavyosukwa ili kipitishe tui kibakize chicha, kwa nini kipya hulowekwa kwanza kisije kikatia tui harufu ya ukindu, na nani alimsukia cha kwanza alipoolewa. Kijana wa pale makumbushoni, kwa sifa yake, alitoa kalamu akaandika kila neno. Nilielewa siku ile kwamba kwenye kabati palikuwa na nusu ya kitu. Nusu nyingine ilikuwa imekuja kwa basi, na jioni ilikuwa inarudi nyumbani.

Vile vitu 10,000 vya Berlin vina nusu moja kule na nusu nyingine hapa, kwa watu wa umri wa shangazi yangu na zaidi. Nusu ya Berlin iko salama kwa maana ya panya na kutu. Nusu ya hapa inapungua kila msimu wa misiba. Kwa hiyo anayesema tusubiri hadi tujenge majengo, na anayesema tusubiri hadi Wajerumani wakubali kurudisha kila kitu, wote wawili wanapoteza kitu kile kile bila kujua. Orodha zao nyingi zimeandikwa Kijerumani. Zitafsiriwe kwa Kiswahili sasa, picha zipelekwe Masasi, Kilosa, Mahenge, Njombe, zikakaliwe barazani na wazee, na kila kitu kipewe jina lake kwa lugha ya waliokitumia. Kazi hiyo haihitaji chumba cha baridi. Inahitaji nauli, simu zenye kamera na vijana waliofundishwa kusikiliza.

Wakati huo huo tuamue nani atapokea. Nigeria imetupa funzo la karibu. Ujerumani ilisaini mwaka 2022 kukabidhi shaba za ufalme wa Benin, na shaba 20 zikapelekwa Abuja mwezi Desemba mwaka huo. Mwaka 2023 Rais Muhammadu Buhari akatangaza kwamba mmiliki ni Oba, yaani mfalme, wa Benin, na Ulaya wakaanza kulalamika kwamba mali ya umma imegeuka ya mtu. Malalamiko yale sikuyapenda, maana anayerudisha mali ya wizi hapangi mwenye mali aiweke chumba gani. Lakini ugomvi wa ndani ulikuwa wa kweli, na sisi tutaupata tusipojiandaa. Kinyago kikirudi, ni cha Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam, cha mkoa, au cha ukoo? Mamlaka yetu yametawanyika. Makumbusho ya Taifa iko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, utamaduni una wizara nyingine, na magofu ya Kilwa yanasimamiwa na mamlaka ya wanyamapori. Sisemi mpangilio huo umekosa watu wa kazi, nimewaona wanaojituma. Nasema unafundisha kwamba kumbukumbu yetu ni bidhaa ya kumwonyesha mgeni, na bidhaa hupimwa kwa mauzo. Ukipima makumbusho kwa tiketi za wageni, mjusi atashinda kila mara, na fuvu la mzee wa Ungoni halitapata hata bajeti ya safari.

Swali gumu kuliko yote ni la mafuvu yasiyo na ndugu waliojulikana, na hayo ndiyo mengi. Vinasaba vilipata ndugu wa matatu. Mengine yana jina la mahali tu, au la kabila lililoandikwa vibaya na askari. Wapo watakaopendekeza yaletwe Dar es Salaam yahifadhiwe hadi utafiti ukamilike. Napinga kwa nguvu zangu zote. Kuyatoa ghala la Berlin na kuyatia ghala la hapa ni kuwahamisha wafungwa jela. Sampuli za vinasaba zinaweza kubaki kwa ajili ya koo zitakazojitokeza. Vichwa vizikwe katika mikoa vilikotoka, kwa ibada za watu wa huko, viongozi wa dini na wa mila wakiwa pamoja, na mahali hapo pajengwe kumbusho. Songea imekwishaonyesha linavyowezekana. Kaburi la pamoja la walionyongwa lipo pale pale penye makumbusho, na anayeingia kusoma historia anapita kwanza kwa wafu.

Kila mwaka tarehe 27 Februari Songea huwakumbuka mashujaa hao. Wajukuu huja, wazee husimama, majina husomwa. Orodha ya Berlin ya mafuvu 202 ianze kusomwa hapo, mahali kwa mahali kama ilivyoandikwa, hata kabla fuvu la kwanza halijapanda ndege, na isomwe tena redioni ili mtu wa Mbozi au Handeni aliyeketi nyumbani asikie kijiji chao kikitajwa na amuulize bibi yake kama kuna mtu wa ukoo wao aliyechukuliwa asirudi.